Nyumbani anajua, darasani hajui: mwanangu ana ADHD au ni mtundu tu?

"Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka tisa na yuko Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali. Darasani mwao wako 92. Tangu Darasa la Kwanza walimu wanalalamika kwamba hatulii, anasimama simama, anajibu kabla swali halijaisha, na hamalizi zoezi. Nikimuuliza maswali yale yale nyumbani kwa mdomo, anajibu. Mtihani wa muhula amepata 21 kati ya 100 katika Hisabati. Nikimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja, na chenji anaisahau. Lakini kwa baba yake mdogo anayetengeneza baiskeli anaweza kukaa saa mbili akifungua mnyororo bila kuinua kichwa. Alipokuwa na miaka minne alilazwa kwa malaria kali na akapata degedege. Mama mkwe anasema mtoto ana jini, mwalimu anasema ni mtundu anayehitaji kiboko, na jirani yangu ambaye ni muuguzi amenitajia ADHD. Mwakani ana upimaji wa Darasa la Nne. Juzi alichapwa kwa kutomaliza kunakili ubaoni, na usiku akaniambia, 'Mama, mimi ni mjinga.' Nimekutumia picha za daftari lake la Hisabati. Nifanye nini?"

Pole sana, mama. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, kisha nikakaa na zile picha za daftari kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu daftari la mtoto husema mambo ambayo mtoto mwenyewe hana maneno ya kuyasema. Jinsi ninavyouelewa wasiwasi wako, unauliza maswali mawili kwa pamoja. Unataka kujua kama mwanao ana ADHD, na unataka kujua inakuwaje mtoto anayejibu vizuri akiwa jikoni nawe aonekane hajui kitu akiwa darasani. Swali la kwanza haliwezi kumalizwa kwa maandishi. Linahitaji mtoto aonekane kwa macho na apimwe. La pili ninaweza kulieleza hapa, na naamini ukilielewa hilo utajua pa kuanzia hata kabla hujafika hospitali.

Tutazame pamoja ukurasa ulio katika picha ya pili. Mwalimu ametoa maswali kumi ya kutoa. La kwanza ni 63 − 28, na mwanao ameandika 35. Amechukua kumi vizuri na kuiweka alama yake juu kwa mwandiko mdogo unaosomeka. La pili na la tatu ni sahihi pia. La nne ni 74 − 36, naye ameandika 110, yaani amejumlisha. La tano limeishia njiani: 81 − 4, halafu nafasi tupu mahali ambapo tarakimu nyingine ilipaswa kuwepo. La sita lina namba ya juu peke yake. Kuanzia hapo hakuna swali tena, ila kuna baiskeli iliyochorwa kwa kalamu, yenye spoki zake zote, mnyororo na hata kengele. Chini yake, kwa wino mwekundu, imeandikwa: "Mvivu. Andika yote."

Mtoto asiyejua kutoa hukosea kuanzia swali la kwanza, na hukosea kwa namna moja inayojirudia. Mwanao hakukosea hivyo. Alianza akiwa anajua, na makosa yake yameongezeka kadiri dakika zilivyokwenda: kwanza ameacha kuangalia alama, kisha ameacha tarakimu, mwisho ameacha kazi yenyewe. Kilichokatika hapo ni umakini, wala si maarifa, na ndiyo sababu ukimuuliza kwa mdomo, swali moja moja, ukiwa umekaa karibu naye, anapata.

ADHD ni kifupisho cha jina la kitaalamu la hali ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuieleza kuwa ni upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu na pupa iliyopita kiasi cha umri wa mtoto. Ni hali ya namna ubongo unavyokua. Haisababishwi na malezi mabaya, wala haipimi akili, kwa kuwa inawapata watoto wenye akili nyingi, za wastani na chache vilevile. Wala si jambo lililokuja na simu za mkononi: mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake jijini London akaeleza kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kutulia na kujizuia hata pale walipojua wanachotakiwa kufanya. Makadirio yaliyotokana na kulinganisha tafiti za nchi nyingi yanaonyesha kwamba takriban watoto 5 kati ya 100 wana hali hii. Katika darasa la mwanao lenye watoto 92, hao wanaweza kuwa wanne au watano, na baadhi yao huenda ni wasichana waliokaa kimya wakitazama dirishani, ambao hakuna anayewaulizia kwa sababu hawamsumbui mtu.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosimamia kazi ya kujizuia, kupanga, kushikilia jambo akilini wakati unalifanyia kazi, na kuendelea na kazi isiyopendeza mpaka iishe. Sehemu hiyo huwasiliana na sehemu nyingine za ndani kwa kutumia kemikali, hasa dopamini na noradrenalini, na kwa watoto wenye ADHD mawasiliano hayo hayaendi sawasawa. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walionyesha, kwa kupiga picha za ubongo wa watoto wale wale kadiri walivyokua, kwamba gamba (tabaka la nje) la ubongo la watoto wenye ADHD lilifikia unene wake wa juu kabisa wakiwa na wastani wa miaka 10 na nusu, ilhali wenzao walifikia hapo wakiwa na miaka 7 na nusu, na sehemu iliyochelewa zaidi ilikuwa hiyo ya mbele. Hii haina maana kwamba kila mtoto atapona akingojewa, kwa kuwa wengi huendelea kuwa na baadhi ya dalili hata ukubwani. Ila inakusaidia kuelewa kwa nini mtoto wa miaka tisa anaweza kufikiri kama wa miaka tisa na kujizuia kama wa miaka sita. Ukimdai atulie kama wa miaka tisa, unamdai kitu ambacho bado hana.

Kile kisa chako cha dukani ni mfano mzuri sana. Ukimtuma sukari, chumvi na kiberiti, maneno yako yanaingia katika sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia mambo kwa muda mfupi wakati tunayatumia, ambayo ni kama kiganja cha mkono: kina nafasi ndogo, na kila kitu kipya kinachoingia kinasukuma kilichomo. Akikutana njiani na watoto wanaocheza gololi, sukari imeanguka. Akiona mbwa amelala mlangoni pa duka, kiberiti kimeanguka. Anafika na chumvi. Hakukudharau, wala hakuacha kusikiliza ulipokuwa unamtuma.

Darasani, kazi inayotikisa kiganja hicho kuliko zote ni ile tunayoiona nyepesi kuliko zote, yaani kunakili ubaoni. Fikiria hatua zake. Mtoto anainua macho, anatafuta swali lake, anashika namba akilini, anashusha macho, anatafuta mahali alipoishia, anaandika tarakimu, kisha anainua macho tena na kutafuta upya. Kwa swali moja la kutoa huenda akasafiri hivyo mara tatu au nne, na kwa maswali kumi ni safari kama arobaini, kila moja ikipita katikati ya darasa lenye watoto 92, dirisha lililo wazi, na mwenzake wa dawati anayechonga penseli. Mtoto mwingine hufanya hayo bila kujua kwamba anafanya. Kwa mwanao kila safari ni nafasi ya kupotea, na akishafika swali la tano amechoka kabla hajaanza kutoa. Halafu anasahihishwa kana kwamba alipewa mtihani wa Hisabati, kumbe sehemu kubwa ya nguvu zake ziliishia katika kunakili.

Na saa mbili za kufungua mnyororo je? Swali hili huulizwa na karibu kila mzazi, na ndilo linalowafanya watu wahukumu kwamba mtoto akitaka anaweza. Umakini wa mtoto mwenye ADHD haukosekani kabisa; tatizo ni kwamba hauongozeki. Kwa baba yake mdogo kila kitu kinampa jibu papo hapo: akigeuza spana nati inalegea, akikosea mnyororo unagoma, mikono yake inafanya kazi, na anapenda anachokifanya. Kazi ya namna hiyo huuamsha ubongo yenyewe. Maswali ya daftarini hutoa jibu kesho, au keshokutwa, daftari linaporudi likiwa na alama nyekundu. Kwa mtoto wa namna hii, kesho ni mbali sana. Tena nakuomba karakana ile usimnyang'anye kuwa ni adhabu, kwa sababu huenda ndipo mahali pekee kwa sasa anapojiona anaweza.

Hapo ndipo ninapopata sababu ya kupinga kiboko, na nalisema hili nikijua mzigo alio nao mwalimu wa watoto 92. Kuchapwa kunakuja baada ya kosa, wakati mtoto huyu anahitaji msaada kabla ya kosa na wakati wa kosa. Kiboko hakimwongezei nafasi kiganjani. Kinampunguzia, kwa kuwa hofu nayo inataka pa kukaa, na mtoto anayetazama mkono wa mwalimu hatazami alama ya kutoa. Zaidi ya hayo, kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, isizidi viboko vinne, na itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Kuchelewa kunakili hakumo katika makosa hayo. Unayo haki ya kulisema hilo shuleni, kwa adabu na bila kuogopa.

Kuhusu jini, mama mkwe wako anazungumza kwa uchungu wa mjukuu wake, na sitaki nyumba yenu igawanyike kwa ajili ya jambo hili. Dua na maombi havimzuii mtoto kutibiwa. Ninachokuomba ni kwamba asichanjwe chale, asifukizwe, asinyweshwe dawa isiyojulikana, na safari ya hospitali isisogezwe mbele kwa kungojea mambo hayo. Unaweza pia kumuuliza mama mkwe, kwa upole, kama baba wa mtoto au mmoja wa wanawe alikuwa hivi alipokuwa mdogo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi unachangia takriban asilimia 70 hadi 80 ya tofauti zinazoonekana baina ya watu katika hali hii, na mara nyingi bibi akifikiri vizuri humkumbuka mtoto wake aliyekuwa akipoteza viatu kila wiki. Sukari na soda, ambazo watu wengi huzilaumu, hazijaonekana kusababisha ADHD pale zilipopimwa kwa makini. Punguza soda kwa ajili ya meno yake, ila usijilaumu kwayo.

Hata hivyo, nisikupeleke mbio. Kuna mambo kadhaa yanayofanana na ADHD ambayo ni lazima yatazamwe kwanza, na kwa mwanao moja linanisimamisha: ile malaria kali yenye degedege. Malaria inayofika kwenye ubongo inaweza kuacha athari. Katika utafiti uliofanywa Kampala, takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya namna hiyo alikuwa bado na upungufu wa kiakili miaka miwili baadaye, na uwezo ulioathirika zaidi ulikuwa ni huo huo wa umakini. Kwa hiyo jiulize, na umuulize aliyemlea pamoja nawe: kabla ya kulazwa, alipokuwa na miaka miwili na mitatu, alikuwaje? Alikuwa tayari mtoto asiyekaa, anayepanda kila kitu, au alibadilika baada ya kutoka hospitali? Jibu hilo daktari atalihitaji sana. Si kila degedege la malaria huathiri ubongo, kwa hiyo usilipokee hili kama hukumu.

Mambo mengine ni masikio, hasa kama aliwahi kutoka usaha. Macho, kwa sababu mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili hivyo hivyo kwa makosa. Upungufu wa damu. Selimundu (siko seli), ambayo kwetu si ugonjwa wa nadra na inaweza kuugusa ubongo kimyakimya. Na usingizi mbovu, kama anakoroma sana kwa sababu ya tezi za koo. Ipo pia aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatetemeki, bali anazubaa ghafla kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwahi kumwona hivyo, ukamwita na hata kumgusa asishtuke, sema mapema kabisa ukifika hospitali. Njaa nayo inavunja umakini, na vilevile hofu ya jambo linalotendeka nyumbani au njiani kwenda shule. Mwisho, apimwe kusoma. Watoto wengi wenye ADHD wana pia shida maalumu ya kusoma au kuhesabu, na kama hajaimudu ile misingi ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, msaada wa umakini peke yake hautatosha.

Daktari hatatumia kipimo cha damu wala picha ya kichwa kuthibitisha ADHD, kwa kuwa kipimo cha namna hiyo hakipo. Vipimo anavyoagiza ni vya kuondoa magonjwa mengine. Uthibitisho unatokana na historia. Kwa vigezo vya Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani vya mwaka 2013, ambavyo vinatumiwa na wengi, mtoto anapaswa kuwa na dalili zisizopungua sita kati ya tisa za upungufu wa umakini, au sita kati ya tisa za utukutu na pupa, kwa muda wa miezi sita au zaidi. Kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Na ziwe zinamkwamisha kweli. Kwa uliyoniandikia, mwanao ana dalili za kutosha kumfanya mtaalamu alichukulie jambo hili kwa uzito. Zaidi ya hapo sitasema kabla hajaonekana. Nitaongeza tu kwamba katika nchi kadhaa imeonekana kuwa watoto walio wadogo kuliko wote darasani huhesabiwa kuwa na ADHD mara nyingi zaidi, kwa sababu wanalinganishwa na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima. Kama mwanao aliwahishwa kuanza Darasa la Kwanza, litaje hilo.

Wakati unangojea kumwona mtaalamu, kuna kazi ya kuanza wiki hii, na inaanza kwa mwalimu. Usiende asubuhi wakati wa gwaride, wala usimfuate mlangoni pa darasa. Omba kumwona baada ya vipindi, mshukuru kwa kazi anayofanya, na mwonyeshe ule ukurasa wa daftari kama nilivyokuonyesha: matatu ya mwanzo sahihi, la nne alama imegeuzwa, la tano limekatika. Walimu wengi niliowahi kukaa nao juu ya daftari la mtoto hubadilika hapo hapo, kwa sababu wanaona kwa macho yao wenyewe kwamba kosa lina mpangilio. Kisha mwombe mambo machache yanayowezekana katika darasa lenye watoto 92. Akae dawati la mbele, mbali na mlango na dirisha, pembeni ya mtoto mtulivu. Asinakili maswali yote kumi. Mwenzake amwandikie, au wewe uyaandike kabla, yeye afanye matano ya kwanza, ayapeleke yasahihishwe, ndipo apewe matano mengine. Ile safari ya kupeleka daftari mezani kwa mwalimu ina faida mbili, kwani inampa jibu la haraka na inampa ruhusa ya kutembea. Apewe kazi za mwili zenye heshima, kama kugawa madaftari, kufuta ubao, au kumletea mwalimu chaki. Na mwalimu akitaka kumrudisha kazini, agonge dawati lake kidole mara moja kimyakimya badala ya kumwita jina mbele ya wote.

Jambo jingine, ambalo mimi binafsi nalitegemea kuliko mengi, linahitaji daftari dogo tu. Kila siku mwalimu anaweka vema au anaacha wazi katika mistari miwili: "Alianza zoezi baada ya kukumbushwa mara moja," na "Alimaliza maswali matano." Miwili tu, mama, usiandike mitano. Akirudi nyumbani, kabla hata hajavua viatu, mtazame machoni, msomee hizo vema, umsifu kwa jambo lenyewe: "Leo umemaliza matano." Siku akipata hata vema moja, anapata kitu jioni ile ile, na kwa mwanao nisingetafuta zawadi ya dukani: nusu saa kwa baba yake mdogo, akabidhiwe gurudumu moja alifanyie kazi, inatosha kabisa. Nusu saa hiyo iwe nyongeza juu ya muda wake wa kawaida, ili siku asipopata vema asinyimwe karakana yote. Siku hiyo usimkemee. Mwambie kesho lipo daftari jipya. Anza kwa kiwango anachoweza kukifikia wiki ya kwanza, kisha upandishe taratibu. Mzazi akiweka kiwango cha juu tangu siku ya kwanza, mtoto hushindwa siku tatu mfululizo na daftari linatupwa.

Kazi za nyumbani zikatwe vipande vya dakika kumi, kaa karibu naye hata kama unachambua mchele, na kila kipande kikiisha ainuke, anywe maji, arudi. Afanye baada ya kula na kucheza, kabla giza na uchovu havijaingia. Ukimtuma dukani, mpe vitu viwili, ayataje majina yake kabla hajaondoka, au umwandikie kwenye kipande cha karatasi. Kuandikiwa hakumdekezi. Ni kama miwani kwa mtu asiyeona mbali.

Kuhusu kukariri darasa, ambako huenda kukapendekezwa kwako kwa sababu ya upimaji wa mwakani, sikushauri kukubali upesi. Mtoto anayepotea katikati ya zoezi atapotea vilevile mwaka utakaofuata, mbele ya ubao ule ule, akiwa sasa na aibu ya kuachwa na wenzake. Kama ikithibitika kwamba misingi ya kusoma imempita kabisa, jambo hilo linaweza kujadiliwa, ila liambatane na mpango wa kumsaidia. Tuisheni ya saa mbili baada ya masomo sioni kama itamfaa. Dakika thelathini za mtu mmoja kwa mtoto mmoja zitamfaa zaidi.

Dawa zipo, na nitakueleza bila kuzipamba wala kuzitia doa. Inayojulikana zaidi ni methilifenideti, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa watoto kuanzia miaka sita. Huongeza kazi ya dopamini na noradrenalini katika zile sehemu nilizokueleza, na kwa watoto wengi hupunguza dalili kwa kiasi kinachoonekana ndani ya siku chache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliofuatilia watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa iliyosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili za msingi kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na kwamba kuunganisha vyote viwili kulikuwa na faida katika mambo mengine, kama uhusiano na wazazi. Madhara yake ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, kuumwa kichwa au tumbo, mapigo ya moyo kuongezeka, na wakati mwingine kupungua kidogo kwa kasi ya kukua. Ndiyo maana mtoto hupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu kila anaporudi kliniki. Kwa mtoto aliyewahi kupata degedege, daktari atataka kulichunguza hilo kabla hajaandika chochote. Dawa hiyo iko chini ya udhibiti maalumu na haipatikani kila mahali nchini, kwa hiyo usiitafute kwenye duka la dawa bila cheti, wala usikubali vidonge vya mtoto wa mtu mwingine. Dawa haifundishi kutoa wala kusoma. Inafungua mlango tu, na mtu wa kumfundisha lazima awepo. Kwa mwanao, ningetaka uchunguzi ukamilike na yale ya darasani yajaribiwe kwa dhati kwanza, kisha tuone pengo lililobaki lina ukubwa gani. Likiwa kubwa, sitaona aibu kumshauri mzazi dawa, kwa kuwa miaka ya shule haimsubiri mtoto.

Umeniandikia mambo mengi, lakini lililonishika zaidi ni lile neno la usiku. Mtoto wa miaka tisa akisema "mimi ni mjinga," amekwisha kukusanya ushahidi kwa miaka mitatu, na hawezi kuondolewa hilo kwa kuambiwa tu kwamba ana akili. Chukua ule ukurasa, keti naye peke yenu, mwonyeshe 63 − 28 aliyoipata, umwambie: "Hapa ulijua. Na hapa ulijua. Hapa ubongo wako ulichoka kusafiri kwenda ubaoni. Tutatafuta namna ya kuufupishia njia." Mwambie pia kwamba kuchapwa kwake hakukuwa sahihi na kwamba umekwenda shuleni kulizungumza. Akiendelea kujiita mjinga, akikataa kula au kwenda shule, akisema anatamani kufa au akijiumiza, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu. Fanya vivyo hivyo akipata degedege tena, au akianza kusahau mambo aliyokuwa ameshayajua.

Pasipo dalili hizo, anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa wako, uulizie kitengo cha afya ya akili, na uombe barua ya rufaa kama hakuna anayeshughulika na watoto. Huduma za kibingwa zipo Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya na Mirembe Dodoma. Sambamba na hilo, mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuifuatilia shule baada ya daktari kumaliza kazi yake. Siku ya kliniki mtoto awe amelala vizuri na amekula. Beba kadi yake ya kliniki ya utotoni, karatasi za kule alikolazwa kwa malaria kama bado unazo, barua fupi ya mwalimu wa darasa, na madaftari ya masomo yote, pamoja na yale yaliyochanika. Baba yake mdogo naye akiweza kuja, njooni naye, kwa kuwa ndiye aliyemwona akifanya kazi kwa saa mbili bila kuinua kichwa.